Barua ya wazi: Tufundisheni sisi tunaosikia

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia elimu, afya, mawasiliano na utangazaji, na kwenu mnaotia saini za kuidhinisha fedha za miradi ya teknolojia,

YAH: KUJIFUNZA LUGHA YA ALAMA KWA MSAADA WA TEKNOLOJIA

Naandika barua hii nikiwa mama wa mtoto kiziwi. Mimi nasikia, baba yake anasikia, bibi yake anasikia, na kabla ya kumzaa sikuwa nimewahi kukaa meza moja na kiziwi hata siku moja. Miaka mitatu ya mwanzo tuliishi naye nyumba moja bila lugha. Nilijua akiwa na njaa, nilijua akiwa na homa. Sikujua anachoogopa. Aliamka usiku akilia, nikambeba, nikambembeleza, na hadi leo sijui siku zile alikuwa akiota nini, maana hakuwa na namna ya kuniambia na mimi sikuwa na namna ya kumuuliza.

Sasa ana miaka saba na ana maneno mengi kuliko ninavyoweza kumfuata. Njia iliyotufikisha hapa ilipitia kwenye simu yangu ya mkononi, na ndiyo sababu nawaandikia. Simu ilinisaidia sana. Ilinipotosha pia. Nataka kuwaeleza yote mawili, kwa sababu naona miradi ikitangazwa kwa jina la viziwi, na mingi imemkosea mwanafunzi: inamwendea kiziwi, wakati anayehitaji kufundishwa ni mimi.

Usiku wa kwanza nilisubiri mtoto alale, nikaiegemeza simu kwenye kikombe mezani. Programu niliyoipakua ilikuwa ya bure. Mwanamke kwenye video alikunjua vidole vyote vitano akagusisha ncha ya kidole gumba kidevuni: mama. Akaupandisha mkono uleule hadi kwenye paji la uso: baba. Vidole ni vilevile, kiganja ni kilekile, kilichobadilika ni mahali tu. Nilirudia mpaka mkono ukachoka. Asubuhi binti yangu alipoamka nilimgusa bega, nikajigusa kidevu. Akanitazama. Siku ya nne akanijibu kwa mkono wake mdogo, kidole gumba kikikosea kidevu na kutua mdomoni, na hilo ndilo neno la kwanza ambalo mwanangu aliwahi kuniita.

Baada ya miezi miwili tulikuwa na maneno kama hamsini. Nikampeleka shule yenye mwalimu kiziwi, nikiwa na fahari yangu yote. Mwalimu alitutazama tukizungumza, akachukua daftari, akaandika: "Hizi ni za Marekani. Sisi hatusemi hivi."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Programu yenyewe haikusema popote kwamba inafundisha Lugha ya Alama ya Marekani; ilijiita tu ya "lugha ya alama", kana kwamba ni moja dunia nzima. Binti yangu ilibidi ajifunze upya jina la mama yake.

Waheshimiwa, nalianza hili kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Umoja wa Mataifa unataja lugha za alama zaidi ya 300 duniani. Hazifuati lugha zinazosemwa kwa mdomo. Waingereza na Wamarekani wanazungumza Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kirahisi: Mwingereza anatahajia alfabeti kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Lugha ya alama ya Marekani ni ndugu zaidi wa ile ya Ufaransa, kwa kuwa Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alivuka bahari mwaka 1816 pamoja na Thomas Gallaudet, na mwaka 1817 shule yao ikafunguliwa Hartford. Lugha hizi zina historia, zina safari, zina ukoo. Mnaponunua programu iliyotengenezwa kwingine na kuigawa mashuleni, mnawafundisha watoto lugha ya watu wengine huku ya kwao wenyewe ikikosa hata video moja iliyopigwa vizuri.

Sasa niseme kwa nini nasisitiza kwamba wanafunzi ni sisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wa huko wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto wa namna hiyo hana wa kumrithisha lugha nyumbani. Mtoto mwingine yeyote hupata lugha kwa kulala tu kifuani pa mama yake anapoongea na jirani. Huyu anasubiri mpaka mama ajifunze. Na kusubiri huko kuna gharama: miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unaposhika lugha kwa wepesi, na inayopotea hairudi. Utafiti wa mwaka 1991 wa Laura Petitto na Paula Marentette ulionyesha kwamba watoto wachanga viziwi wanaooneshwa alama tangu kuzaliwa hubwabwaja kwa vidole, kama wengine wanavyobwabwaja "ba-ba-ba". Wangu hakuwa na cha kubwabwaja. Mikono yake ilikuwa kimya kwa sababu yangu ilikuwa kimya.

Kliniki tuliyokwenda ilituambia tusimfundishe alama, eti atazembea kuongea. Tulitii mwaka mzima. Sitaitaja kliniki hiyo, kwa sababu ushauri ule haukuanzia pale. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo na lugha ya alama iondolewe. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi alikuwa mmoja. Shule nyingi za Ulaya na Amerika zikawakataza watoto kuzungumza kwa mikono, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Ilichukua hadi mwaka 2010, katika kongamano la Vancouver, ndipo mkutano huohuo wa kimataifa ukayakataa maazimio yale na kueleza majuto. Miaka 130. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki nikiambiwa nisiinue mkono mbele ya mwanangu, nilikuwa bado natii watu wa Milan bila kujua.

Nimelieleza hilo kwa sababu lile la mjumbe mmoja kati ya 164 bado linaendelea, safari hii kwenye vyumba vya kubuni teknolojia.

Chukueni mfano wa glavu. Kila baada ya muda fulani inatangazwa glavu inayogeuza alama kuwa sauti. Wazo ni kuukuu: Marekani ilitoa hataza ya glavu ya kusoma alfabeti ya vidole mwaka 1983. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipewa tuzo ya dola 10,000 kwa glavu yao, na vyombo vya habari vikashangilia. Viziwi wengi, pamoja na wataalamu wa isimu, wakapinga. Walisema jambo ambalo binti yangu angelisema akiwa na miaka minne: glavu haioni uso. Tena anayevaa ni nani? Ni kiziwi. Yeye ndiye abebe mtambo mwilini kutwa nzima ili mimi nisijisumbue kujifunza. Vijana wale nawaamini walikuwa na nia njema, wala siandiki kuwabeza. Nawalaumu wakubwa walioshangilia bila kumuuliza mtu hata mmoja ambaye angeivaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuhusu uso nina ushahidi wa nyumbani kwangu.

Baada ya kukutana na mwalimu nilipata programu nyingine, ya majaribio, yenye alama za kwetu. Hii ilitumia kamera: unafanya alama mbele ya simu, yenyewe inakwambia umepata au umekosa. Nilijifunza kumuuliza mtoto kama ameshiba. Mkono wangu ukawa sawasawa, programu ikanipa tiki ya kijani, nikaenda mezani. Nikamuuliza. Akanitazama kidogo, akaiweka chini mikono yake, akashuka kwenye kiti na kuondoka, sahani ikiwa nusu. Sikuelewa. Kesho yake ikawa vilevile. Nilipomsimulia mwalimu, aliniomba nimwoneshe nilivyouliza, kisha akaniwekea kidole kwenye nyusi zangu na kuzisukuma juu. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikipanda ndipo sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana. Uso wangu ulikuwa umelala. Kwa siku mbili nilikuwa simuulizi mwanangu, nilikuwa namwambia, "Umeshiba." Naye, mtoto mtiifu, aliondoka na njaa yake.

Tiki ya kijani ilikuwa imeniambia uongo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba programu ile ingeweza kuniambia kweli. William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, alionyesha tangu mwaka 1960 kwamba alama haifanani na mchoro mmoja wa hewani. Ina viungo vyake, kama neno lilivyo na sauti zake. Leo wanafunzi wa lugha hizi wanataja vitano: umbo la mkono, mahali unapowekwa, mwendo wake, kiganja kimeelekea wapi, na uso na mwili vinafanya nini. Kamera ya simu ya kawaida inaweza kuvifuata. Zana za bure ambazo Google ilizitoa mwaka 2019 kwa jina la MediaPipe hutambua nukta 21 kwenye kila mkono, na zana ya familia hiyohiyo hutambua nukta 468 usoni, zikiwemo za nyusi. Uwezo wa kuona nyusi zangu ulikuwepo. Waliotengeneza hawakuuwasha kwa sababu kwao lugha ya alama ni kazi ya mikono. Kiziwi mmoja tu akikaa nao meza moja tangu mwanzo, angewaambia siku ya kwanza kabla ya chai.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu ni gumu kidogo: msiidhinishe fedha ya mradi wowote wa lugha ya alama ambao viziwi hawamo kwenye uamuzi. Nasema uamuzi. Kuitwa siku ya uzinduzi kupiga picha hakutoshi, wala kujaribishiwa kifaa kilichokwisha tengenezwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 4, unazitaka serikali ziwashirikishe watu wenye ulemavu wenyewe katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 24 inataka kujifunza lugha ya alama kurahisishwe. Nchi nyingi zimetia saini. Kenya imeitaja lugha yake ya alama ndani ya Katiba ya 2010, na Afrika Kusini iliifanya ya kwake kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Karatasi tunazo.

La pili, kamusi inayotafutwa kwa alama, nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo teknolojia inaweza kufanya kitu ambacho kitabu hakiwezi kamwe.

Fikirini mtu anayejifunza lugha ya mdomo akasikia neno asilolijua. Anafungua kamusi, anatafuta kwa herufi. Mimi nikiona mtoto wangu kaleta alama mpya kutoka shuleni, natafuta wapi? Alama haina herufi ya kwanza. Kamusi nyingi za lugha ya alama zimepangwa kwa maneno ya lugha ya mdomo, yaani zinamsaidia mtu anayejua neno na kutaka alama. Mzazi ana shida ya upande wa pili: ana alama, hana neno. Siku moja binti yangu alirudi akirudia jambo moja, ngumi mbili zikigongana na kuachana, akirudia na kurudia na macho yamejaa machozi. Nilikisia kila kitu. Kupigwa? Kuanguka? Hasira? Alinikatia tamaa akaenda kulala. Ilikuwa kesho yake jioni nilipoambiwa kwamba rafiki yake amehama shule, na alama ile ni ya kutengana. Mwanangu alikuwa na msiba, na mimi nilikuwa natafuta jeraha kwenye magoti yake.

Kamusi ya mtandaoni ya Lugha ya Alama ya New Zealand, iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, inamruhusu mtu kutafuta kwa umbo la mkono na mahali mwilini. Unachagua ngumi, unachagua mbele ya kifua, zinakuja alama chache, unatazama video mpaka unaipata. Hakuna akili bandia hapo. Ni mpangilio mzuri tu, na ungeniokoa jioni ile. Hatua inayofuata ni kutafuta kwa kamera: mzazi anaiga alichokiona, simu inamletea alama zinazokaribiana. Mwaka 2023 watafiti walitoa mkusanyiko wa Lugha ya Alama ya Marekani uitwao ASL Citizen kwa kazi hiyohiyo, video 83,399 za alama 2,731, zilizopigwa na watu 52 kwa ridhaa yao, wengine wakiwa majumbani mwao kwenye mwanga wa kawaida. Zingatieni namba hizo. Watu 52. Hii si kazi ya mabilioni ya watu wala ya miaka mia. Jumuiya yoyote ya viziwi yenye kamera, ratiba na malipo ya haki inaweza kuianza kwa lugha yake.

Na malipo ya haki nayataja kwa makusudi. Anayekaa mbele ya kamera akirudia alama elfu mbili anafanya kazi, tena kazi ya kitaalamu. Uso wake unaonekana. Hawezi kuuficha kama mtu anayetoa sauti, kwa kuwa uso ni sehemu ya sarufi. Kwa hiyo aulizwe video yake itatumika wapi, na akibadili nia iweze kuondolewa. Mkusanyiko ubaki mali ya chama cha viziwi na uwe wazi kwa mtengenezaji yeyote atakayekubali masharti yao. Nimeshuhudia mradi ukiisha fedha na video zote zikatoweka pamoja na tovuti. Walimu waliojitolea wiki nzima hawakubakiwa hata na nakala.

Viziwi hawakuanza jana kuelewa thamani ya kamera. Filamu ilipokuwa bado changa na haina sauti, viziwi wa Marekani waliona kwamba wamepata chombo kinachowafaa kuliko yeyote. Kuanzia mwaka 1910, wakiongozwa na George Veditz, aliyekuwa rais wa chama chao cha kitaifa, walichangishana dola 5,000 na kuwapiga picha wazungumzaji wao bora, kwa kuhofia kwamba shule za kufundisha kwa mdomo zingeiua lugha. Picha zile zipo hadi leo na bado watu wanajifunza kutoka kwazo. Walifanya hivyo wenyewe, kwa fedha zao, kamera ikiwa mzigo wa kubebwa na watu. Ninyi mna kamera kwenye mfuko wa kila mwananchi.

Wakuu wa televisheni, nina neno nanyi pia. Mnarusha habari kila jioni zikiwa na mkalimani kwenye kona. Kisanduku chake ni kidogo kiasi kwamba vidole havihesabiki, na mara nyingi maandishi yanayopita chini ya skrini yanamkata mikono. Mpeni nafasi. Kisha fanyeni jambo moja zaidi: hifadhini ukalimani huo ukiwa skrini nzima, pamoja na maandishi ya kilichosemwa, mtu aweze kuupakua na kuurudisha nyuma, kuupunguza kasi, kuutazama sentensi moja mara ishirini. Mnachokirusha kila siku na kukisahau ndicho kitabu cha kiada tunachokililia.

Kwa watengenezaji, haya niliyojifunza kwenye kikombe changu cha mezani yawasaidie. Video ipigwe pia kutoka nyuma ya bega la mwalimu, kwa sababu mwanafunzi anapomtazama mtu uso kwa uso hugeuza kulia na kushoto, na mimi kiganja changu kilikaa kinyume wiki tatu. Mavazi yawe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi. Picha isikatwekatwe na intaneti hafifu: sauti ikikatika unakisia, kidole kikikatika umepata neno jingine. Somo lipakuliwe mara moja shuleni au kwenye kituo cha afya, kisha litumike nyumbani bila bando. Msianze na alfabeti. Alfabeti ya vidole ni rahisi kwa kompyuta kuipima na ndiyo maana programu nyingi zinaanza nayo, lakini mtoto wa miaka miwili hajui kutahajia. Nipeni kwanza "njoo", "inauma wapi", "usiogope", "nipo hapa".

Neno "usiogope" nililipata nikiwa nimechelewa miaka mitatu. Kama daktari aliyetupa majibu ya kipimo angetupa na kitu cha kuanzia siku ileile, hata video kumi tu kwenye simu na jina la mwalimu kiziwi wa kumpigia simu ya video, tusingechelewa. Wizara za afya, hili ni lenu. Siku mzazi anapoambiwa "mtoto wako hasikii", masikio ya mzazi huyo nayo hufa ganzi. Hasikii tena kinachofuata. Anachoondoka nacho mkononi ndicho atakachokitumia usiku. Mtoto awe na vifaa vya kusikia, asiwe navyo, apandikizwe kifaa, asipandikizwe, lugha ya alama haimzuii chochote. Inampa cha kusema wakati anasubiri.

Mtaniuliza: je, akili bandia ikifika mahali pa kutafsiri kila kitu, kuna haja gani ya kujifunza? Naipenda teknolojia na nitaifurahia siku kiziwi atakapoingia popote usiku wa manane akaelewana na aliyepo zamu. Lakini wakalimani wa kibinadamu wanahitajika leo, na mashine bado inasuasua hata na sentensi fupi. Tena kuna mambo ambayo simtaki mkalimani yeyote katikati yake, wa damu wala wa mtambo. Binti yangu ana jina la alama alilopewa na mwalimu wake: kidole cha shahada kinagusa kishimo cha shavu la kushoto na kuzunguka mara moja. Halimo kwenye mkusanyiko wowote. Hakuna programu itakayolitambua. Mimi nikimwita hivyo kutoka upande wa pili wa chumba, anageuka.

Bibi yake ana miaka sabini na mbili na vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Anajifunza kwa simu, kila jioni, miwani ikiwa puani, akisimamisha video kila baada ya alama moja. Anakosea umbo la mkono mara nyingi, na mjukuu wake huvishika vile vidole vyenye maumivu na kuvipanga kimojakimoja, taratibu, mpaka vikae. Nimesimama mlangoni nikiwatazama. Programu ilimpa bibi maneno. Aliyemfundisha ni yule mtoto. Ndiyo maana nawaomba fedha za teknolojia ziende sambamba na ajira za walimu viziwi, wakiwa na mikataba na mishahara kama walimu wengine. Simu inafaa kwa mazoezi ya usiku. Asubuhi mtu anahitaji mtu wa kumsukuma nyusi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba kufikia mwaka 2050 watazidi milioni 700. Si wote watatumia lugha ya alama. Lakini wengi wao watakuwa wazee waliosikia maisha yao yote, wazazi wenu na pengine ninyi wenyewe, na watahitaji kuzungukwa na watu ambao angalau wanajua kwamba uso pia unaongea.

Barua hii mwalimu wa binti yangu ameirekodi kwa lugha ya alama, na video yake imeambatanishwa. Ni ya dakika kumi na saba. Naomba muitazame yote, hata msipoelewa neno, kisha mfikirie mtoto anayetazama midomo yenu hivyohivyo kutwa nzima. Majibu nayo nayaomba kwa lugha ya alama. Mimi nitayahitaji yarudiwe polepole. Binti yangu hatahitaji, naye ameniambia anataka kuyasoma mwenyewe kabla yangu.

Kwa heshima,

Mama wa mtoto kiziwi